Ng'ombe Wako wa Ufukweni

Mayu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utaninunia kama siku ile niliyotoka Mwakitolyo na njaa yangu, nikauliza ugali kabla ya kusalimia. Uliniacha nimesimama na begi mgongoni mpaka nikakumbuka mwenyewe. Kwa hiyo shikamoo, mama yangu. Marahaba nimejiitikia.

Nakuandikia kwenye daftari lako la hesabu, lile la miraba midogo ulilokuwa unachorea michoro ya vitambaa. Kurasa za mwisho hukuzigusa. Nimekaa pale pale mlangoni, mguu mbovu nimeuegesha juu ya kigoda chako, na kalamu ni ile ya bluu uliyokuwa unaificha ndani ya kopo la nyuzi ili nisiiguse. Nimeigusa. Nisamehe.

Habari kubwa ni hii: mzigo wa Bi Zuhura umeondoka leo asubuhi. Nimeupeleka mwenyewe stendi, nimeufunga kwa magunia mawili na kamba, na kondakta nimemsumbua mpaka akaniuliza kama nimebeba mayai. Vitambaa sita, Mayu. Uliondoka ukijua ni vitano na nusu. Ni sita. Na yule ng'ombe wako yumo, mzima, kwato zote nne. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, maana nusura nimmalize mimi mwenyewe kwa mkasi.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo. Unanijua, kufupisha sijui.

Nimekaa nikatafuta siku hata moja niliyokwambia asante kwa ile sindano, sikuipata. Miaka sita tumedarizi pamoja mlangoni hapa, nimekwambia asante kwa uji, asante kwa shati, asante hata kwa kunikwaruza mgongo. Kwa sindano, hata siku moja. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Sasa naisema kwenye karatasi, na wewe huko uliko utafute mtu akusomee, miwani yako iko kwangu.

Duara, shimo letu la dhahabu, liliponiangukia kule Mwakitolyo, mwenzangu Shija ndiye aliyenichimbua kwa mikono. Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa umepinda, na mchimbaji asiyeweza kushuka shimoni ni mtu wa kuchotea wenzake maji. Nikarudi kwako Buseresere. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilijiona nimekwisha. Nilikaa hapa mlangoni miezi na miezi, nikiwakasirikia kuku, nikiikasirikia mvua, nikikukasirikia wewe uliyekuwa unanipa uji. Nilianza na kunywa, ukajua, hukusema kitu. Nilitamani ungesema, ili nipate wa kugombana naye.

Ndipo siku moja ukaja na ile ringi ya mbao, kitambaa cha vitundu kimeshakazwa juu yake, sindano ina uzi mwekundu, ukanitupia mapajani kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nikakuuliza hii ni ya nini.

"Mguu ndio uliovunjika," ukasema. "Mikono haijavunjika."

Nikacheka, na halikuwa cheko zuri. Mwanaume mzima, mchimbaji, nikadarizi! Wewe ukaketi chini, ukaanza kunieleza kana kwamba nimekubali. Kwamba ulifundishwa na masista kule Ushirombo ukiwa msichana, mkidarizi vitambaa vya altare. Kwamba kila mshono ni msalaba mdogo, mguu mmoja unakwenda huku, mwingine unaupita juu, na miguu ya juu yote lazima ilale upande mmoja, kitambaa kizima, la sivyo mwanga ukipiga kinaonekana kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Na kwamba masista walisema mtu akimaliza misalaba elfu moja bila kutukana, ni kama amesali. Mimi nilitukana kwenye wa tatu.

Na hukuwahi kuangalia mbele ya kazi yangu kwanza. Kamwe. Nilikuwa nakuletea ua langu, najivuna, na wewe unasema neno moja tu: "Geuza." Ukikuta fundo nyuma, hata dogo kama mbegu ya mchicha, unanigonga kwa ile ringi kwenye goti zima. Uzi unaanza kwa kubanwa chini ya mishono na unaisha kwa kupitishwa chini ya mishono, mafundo ni ya kufungia mbuzi. Nilikuchukia wiki mbili. Wiki ya tatu jua likanizamia mlangoni sijakumbuka kunywa, nahesabu miraba.

Shija aliponiona mara ya kwanza alizima pikipiki kabisa ili acheke vizuri. Akaniita Sista Masanja, na jina likafika Mwakitolyo kabla yake. Wewe ukamkaribisha chai, ukamwambia anywe taratibu, na siku yake ikifika akivunjika aje hapa hapa, ringi ziko mbili. Cheko likamwishia. Nikwambie basi: juzi amekuja, kofia mkononi, ananiomba nimdarizie shuka la mtoto wake mchanga lenye jina. Sijamcheka. Nimemcheka kidogo.

Sasa Bi Zuhura. Unamjua kuliko mimi, lakini acha nimpange vizuri. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu miaka ile mume wake alipokuwa ananunua dhahabu hapa, na mume alipofariki akarudi kwao Pwani, akajenga vyumba sita vya wageni karibu na bahari. Mwaka jana akapiga simu. Anataka vitambaa sita vya kutundika ukutani, kila chumba kimoja, vyote vya mambo ya ufukweni, na viwe vimefika kabla ya mwezi wa saba, maana ndipo wageni wake wa Ulaya wanapomiminika. Kwao ni kiangazi, shule zimefungwa. Wewe ukashangaa: mwezi wa saba, mwezi ambao sisi tunaota moto asubuhi, ndio wao wanakuja kuvua nguo? Lakini ulikuwa umeshakubali kabla sijafungua mdomo.

Nikakuuliza umeiona bahari lini. Ukasema hujaiona. Nikakwambia na mimi sijaiona. Ukasema basi tuko sawa, tuanze.

Alituma picha kwenye simu yangu, nasi tukawa tunazigeuza kuwa miraba. Mwavuli na viti viwili. Mnazi. Kaa. Jozi ya ndala mchangani. Makombe. Ukanipa mwavuli na ndala, maana vina mistari iliyonyooka na mimi hesabu zangu bado zinayumba, ukabaki na vigumu. Unakumbuka ulivyoniuliza ule mstari mweupe uliokatiza juu ya maji ni kamba ya nini, na ulikuwa umeshauchora wote kwa penseli, miraba arobaini? Ulikuwa ufa wa kioo cha simu yangu. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Makombe hukuyachora kwa picha, ulikwenda kufungua sanduku ukatoa ile simbi ya bibi yako, aliyokuwa anavalishwa shingoni utotoni. Ukasema hiki ndicho kitu pekee cha baharini kilichowahi kuingia nyumba hii, kwa hiyo chenyewe kitatufundisha.

Mchanga ndio uliotusumbua. Ulichanganya nyuzi mbili kwenye sindano moja, ya kijivu na ya kaki, ukapata rangi ya marudio kabisa, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu. Kwetu mchanga ndio huo. Tukatuma picha, Bi Zuhura akasema kwa upole kwamba kwao mchanga ni mweupe, unachoma macho. Mnazi ulikuwa umebakiza safu nne. Siku mbili ulikaa unafumua, hukununa, ulikuwa unaimba. Nikakwambia tuache tu, nani atajua. Ukasema anayekaa pale atajua.

Nimekumbuka neno hilo sana mwezi uliopita. Utaona kwa nini.

Baada ya mchanga ukasema picha hazitoshi, unataka kuona maji yanapokutana na nchi kavu kwa macho yako. Bahari iko mbali, ziwa liko karibu, twende ziwani. Ukavaa kitenge kipya kama mtu anayekwenda ubatizo. Tukapanda bodaboda mpaka upande ule wa Chato, wewe katikati, mimi nyuma na mguu wangu umechomoza pembeni kama mwiko ndani ya sufuria ndogo. Tulipofika ukavua viatu, ukasimama maji yakikufika kwenye vifundo vya miguu, ukanishika mkono kwa nguvu. Sikujua unaogopa maji. Miaka yote hiyo sikujua.

Kisha ukaketi juu ya jiwe na daftari hili hili. Ukurasa wenyewe upo, nimeufungua sasa hivi. Umeandika kwa mwandiko wako wa kulala: pembeni kabisa rangi ya chai, halafu kijani cha mchunga, halafu bluu. Ulikuwa unaandika hivyo ng'ombe wakaja kunywa. Mchungaji akakuamkia, ukamwitikia kwa Kisukuma, akapita. Ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso akaja mpaka karibu yetu bila woga, akazamisha mdomo, akanywa kama mtu anayetoka kuvuna. Ukaacha kila kitu ukaanza kumchora.

"Hapo sasa," ukasema. "Maji bila ng'ombe yana kazi gani?"

Na mimi, mwanao, nikaona ni kweli tupu. Nikuulize, Mayu, sisi wawili tulikuwa na akili gani? Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Maji ni maji, ng'ombe ni ng'ombe. Tulirudi nyumbani tumefurahi, na kitambaa cha sita, cha chumba kikubwa kuliko vyote, kikapata ng'ombe wake.

Ulikifanyia kazi peke yako. Hukutaka nikiguse. Niliona unakisogeza karibu na pua, nikakuuliza, ukasema nyuzi za siku hizi wanazitengeneza nyembamba. Nikakubali. Mwezi wa tatu presha ikakuangusha jikoni. Siku nne hospitali. Siku ya tatu uliniuliza kama nimekifunika kitambaa kisipigwe vumbi, nikasema nimekifunika, na nilikuwa sijakifunika. Siku ya nne uliomba maji. Nilikupa kwa kijiko. Dada Kabula alikuwa anakushika kichwa, mimi nakupa maji, ulikunywa vijiko viwili, ukasema wabeja. Ukatushukuru sisi.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, karibu na mihogo, na akina mama wa jumuiya waliimba mpaka wakakauka sauti. Watu walikuwa wengi. Hata wale wa karasha ya kusagia mawe walizima mashine wakaja na vumbi lao kichwani. Ungewapa maji ya kunawa na ungewasema.

Niliporudi ndani nilikikuta kitambaa juu ya kitanda chako. Ng'ombe alikuwa amekwisha. Chini ya mdomo wake ulikuwa umeweka misalaba minane ya bluu, maji anayokunywa. Mchanga ulikuwa nusu. Bahari ilikuwa kwenye daftari tu, na mbingu ulikuwa umeanza kona moja, sindano umeichomeka pale pale na uzi wa bluu hafifu, urefu kama kutoka kiganjani kwangu hadi kwenye kiwiko. Nilikifunika. Nilichelewa, lakini nilikifunika.

Sikukigusa zaidi ya miezi miwili. Kabula, dada yangu mwenyewe, alitaka kukifua kwa sababu kimeanza kushika vumbi kwenye mkunjo, nikampigia kelele mbele ya watoto wake mpaka akalia. Nimemwomba radhi. Amechukua kuku wako, wanataga vizuri, na jogoo ametulia. Nilimwambia sindano isichomolewe, basi.

Mwezi wa tano Bi Zuhura akapiga. Alianza na pole upya, akakulilia kidogo, kisha taratibu akauliza habari ya kile cha sita. Nikampigia picha. Alipoipata akapiga tena.

"Masanja mwanangu," akasema, "bahari ni chumvi. Ng'ombe hanywi chumvi."

Akaendelea kwa heshima zote. Kwamba wageni labda wasione, lakini majirani zake, wafanyakazi wake, kila mtu wa Pwani atakayeingia chumba kile atacheka, na hataki kazi yako ichekwe. Akaomba nimfumue ng'ombe, niweke kaa wa pili. Na kama nashindwa kufumua mkono wa mama yangu niseme tu, ataelewa, atanunua picha ya dukani kwa ajili ya chumba cha sita. Nikamwambia nitampigia.

Kwanza niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Halafu, Mayu, nikacheka. Nilikuwa peke yangu mlangoni nikacheka mpaka jirani akachungulia kuona kama nimeanza tena kunywa. Tulimnywesha ng'ombe chumvi! Wasukuma wawili wazima, tumezaliwa kwenye ng'ombe, tumelipia na bodaboda kwenda kuhakikisha! Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tukuzike, na aliyenichekesha ni wewe.

Kisha nikaacha kucheka, maana lilibaki la kufanya. Na hapa nisikudanganye: nilijua kabisa ungesema nini. Ungesema fumua. Aliyefumua mchanga siku mbili akiimba hawezi kumlilia ng'ombe mmoja. Anayekaa pale atajua. Nilijua, na mkono ulikataa. Ile picha ya dukani nayo niliiona ukutani, imekaa mahali pako, na roho ikaniuma. Nikifumua nakufuta. Nisipofumua nakutoa kwenye chumba kikubwa. Siku tatu nilizunguka na jambo hilo kama mtu anayeumwa jino.

Siku ya nne nikachukua mkasi mdogo, nikavaa miwani yako, nikakikaza kitambaa kwenye ringi. Na kwa kuwa kufumua kunaanzia nyuma, nikafanya ulichonifundisha. Nikageuza.

Kwato, safi. Tumbo, safi, nyuzi zimelala kama nywele zilizochanwa. Mgongo, safi. Nilipofika shingoni nikaona fundo. Nikadhani ni uchafu. Nikaona la pili. Kuanzia shingo mpaka mdomoni, Mayu, mafundo kumi. Nyuzi zinakatiza huku na huku, nyingine umeziruka miraba mitano hewani. Na kwenye ile misalaba minane ya maji, fundo la kumi na moja, kubwa kama punje ya mtama.

Nilikaa na kitambaa kile nikashindwa kukiweka chini. Wewe uliyenigonga goti kwa fundo la mbegu ya mchicha. Ulikuwa huoni. Ulikuwa huoni kabisa kule nyuma mishono iko wapi ya kupitisha uzi chini yake, ukawa unafunga kwa kupapasa, na mbele ukahesabu kwa ncha ya kidole mpaka kila msalaba ukakaa mahali pake. Kwa mbele hakuna hata mmoja uliokosea. Huo ndio mwezi uliokuwa unaniambia nyuzi zimekuwa nyembamba. Kila jioni ulikuwa unanionyesha kazi yako upande wa mbele, nami nasema imependeza. Miaka sita uliniambia geuza. Mimi sikuwahi kukwambia wewe, hata mara moja. Ningegeuza ningejua. Ningekupeleka mapema kwa daktari wa macho, labda angekupima na presha.

Nililia, nisifiche. Nililia vizuri, kama mtoto, na nilipomaliza nikaweka mkasi ndani ya kopo nikafunika. Yale mafundo yangekatika, sikatai. Sikutaka yakatike.

Nikafungua daftari. Nikahesabu. Bahari uliichora upande wa kushoto, na kati yake na yale maji ya ng'ombe kulikuwa na miraba mitupu bado, maana mchanga hukuumaliza. Miraba kumi na miwili kwa upana wake. Nikaiangalia ile miraba muda mrefu. Nikampigia Bi Zuhura, nikamwamkia, nikamuuliza swali moja: huko kwenu hakuna maji baridi yoyote yanayoshuka kuingia baharini, hata kijito?

Akasema kipo. Kiko hatua chache kutoka kwake, kinatoka bara, akina mama hufua pale, na wafugaji wanaopita huleta ng'ombe wao kunywa.

"Basi," nikamwambia, "ng'ombe wa mama anakunywa hapo."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu nikamsikia anavuta kamasi. Akasema, mlete.

Nimefanya kazi siku kumi na sita. Kijito kinaingia kutoka ukingo wa kulia, kinapita chini ya mdomo wa ng'ombe, kinajikunja na kwenda zake baharini. Rangi ya chai pembeni, kijani cha mchunga katikati, kama ulivyoandika ziwani. Ile misalaba yako minane ya bluu nimeiacha hapo hapo, inaonekana kama mbingu imeangukia kijitoni. Kati ya kijito na bahari nimeweka mchanga mweupe, safu saba, ili mtu wa Pwani akisimama pale asiwe na neno. Sijafumua mshono wako hata mmoja. Wangu nimefumua mara nne, mara moja bahari nzima ilipanda juu kwa mraba mmoja upande wa kushoto, ikawa kama inataka kumwagika. Niliimba, lakini nyimbo zangu unazijua.

Kumalizia nimemalizia kwa taratibu zako zote. Nimekiloweka kwenye beseni, maji baridi na sabuni ya kipande, sikukamua, nimekiviringisha kwenye taulo. Pasi nimepiga kwa nyuma, uso umelala juu ya taulo ili misalaba isibonyee, na niliyatazama yale mafundo yako chini ya pasi nikapita juu yake polepole. Nikaenda Geita kwa fundi seremala, nikasimama juu ya kichwa chake mpaka pembe za fremu zikakaa sawa. Alikasirika. Nikamwambia mimi nimefundishwa na mtu mbaya zaidi. Akamtazama ng'ombe, akauliza nani kamchora, nikamwambia mama yangu, akasema huyu ng'ombe ana kiu kweli. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye miguu miwili.

Kwa hiyo wabeja, Mayu. Hiyo ndiyo barua yenyewe, mengine yote ni maelezo. Wabeja kwa ringi uliyonitupia. Wabeja kwa kukaa kimya nilipokuwa nakunywa na kwa kunigonga nilipofunga mafundo, ulijua lipi linyamaziwe na lipi ligongwe. Wabeja kwa kunishika mkono kule ziwani. Leo nikipita sokoni hawasemi yule kilema wa duara, wanasema yule fundi wa vitambaa, mtoto wa Mama Masanja. Nakula kwa mikono uliyosema haijavunjika.

Kuna jambo moja sijakwambia, na nimelichelewesha makusudi.

Ile sindano yako, kwenye kona ya mbingu, sikuichomoa mpaka siku ya mwisho. Mbingu yote nimeidarizi kwa sindano nyingine, kona yako nikaiacha. Kisha nikaishika. Uzi wako ulitosha misalaba ishirini na tatu, na ule wa mwisho ukaingia mraba wa mwisho, ikabaki ncha fupi isiyofika popote. Ningeweza kuipitisha chini ya mishono. Nilikuwa naona vizuri, mwanga ulikuwepo. Nikafunga fundo. Kumi na mawili sasa. Nyuma kumefunikwa na ubao, hakuna wa kugeuza, lakini wewe utageuza, kwa hiyo nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujalikuta.

Nakuahidi ni la mwisho. Kesho naanza shuka la mtoto wa Shija, na kila jioni nitaligeuza. Na Kabula akija na ushonaji wake wa kushona huku anasinzia, nitamwambia ageuze, na nikiona mafundo nitamuuliza kwanza macho yake.

Pumzika, mama yangu. Kitambaa kimefunikwa.

Mwanao,
Masanja